Tasfida na Elimu ya Balehe: Maoni kutoka Tunduma

Wanaisimu wetu wamezoea kuisifu tasfida kuwa ni pambo la Kiswahili na kipimo cha adabu ya msemaji. Sina ugomvi na sifa hiyo. Hata hivyo, pako mahali ambapo tasfida humdhuru msikilizaji, napo ni darasani, mwalimu anapowafundisha watoto habari za balehe.

Tuchukue Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili, na barabara kuu ya Lusaka huleta malori yanayolala hapo yakingojea kuvuka. Mtoto wa mji huo hukutana mapema na watu wazima wasiowajua wazazi wake, na wengi wa wenzake wa vijijini Momba wamejifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani.

Mtoto kama huyo akiambiwa kuwa msichana "huvunja ungo", atauona ungo wa kupepetea. Akiambiwa "tumia kinga", ataikumbuka kinga iliyomo ndani ya neno UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, au ile inayoletwa na chanjo. Kwamba hapa inakusudiwa kondomu, ataelezwa na mwenziwe aliyesikia vibaya. Uke na uume nayo ni maneno yenye maana mbili, ya hali na ya kiungo. Mwalimu mwenye haya husema "sehemu za siri", akafunga kitabu.

Madhara hayaishii darasani. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kosa la kubaka halithibitiki bila kuonyesha kuwa uume uliingia, japo kidogo. Mtoto aliyefundishwa kusema "alinifanyia tabia mbaya" atasema hivyohivyo kizimbani. Mahakama ya Rufani imelazimika zaidi ya mara moja kupima iwapo maneno ya namna hiyo yatosha: mara imeyaridhia, mara mrufani amefaulu.

Wako watakaodai kuwa kutaja ni kuvunja heshima. Siafiki. "Mlango wa kizazi" ni tasfida, lakini chanjo ya saratani yake ilipoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, jina hilo lilitosha, kwa sababu linataja kiungo kimoja tu. (Wengine husema "shingo ya kizazi", tofauti hiyo yafaa isawazishwe.) Kumbe staha na usahihi hukaa pamoja.

Ninachopendekeza ni kwamba watunga kamusi za shule watenge vidahizo vya viungo vya uzazi kimaana, kisha waende Tunduma na Mbozi kuwauliza walimu ni maneno yapi ya Kinyamwanga na Kinyiha ambayo mama humwambia bintiye bila kuona haya. Kazi hiyo ni ya idara zetu za Kiswahili, wala tusiiachie Wizara ya Afya peke yake.