Mtoto Aliyenenepa Sana Apimwe Ini

Wazazi wengi hufurahi wakiona mtoto wao amenenepa. Wanasema, "Mtoto huyu anakula vizuri, ana afya." Lakini unene uliopita kiasi si afya. Unaweza kujaza mafuta ndani ya ini, hata kama mtoto hajaonja pombe kamwe.

Mara nyingi ini linaumia kimya. Mtoto anacheza, anakwenda shuleni, wala halalamiki. Lakini kwa watoto wengine ini linavimba, makovu yanatokea ndani yake, na mwisho linakuwa gumu. Basi, kungojea maumivu ni kuchelewa.

Mwaka 2017 waganga wa Amerika ya Kaskazini wanaotunza matumbo na maini ya watoto walitoa shauri hili: mtoto aliyenenepa sana aanze kupimwa damu akiwa na miaka 9 mpaka 11. Kipimo chenyewe kinaitwa ALAT. Kikipita 22 kwa msichana, au 26 kwa mvulana, kipimwe tena. Kikipita 80, uchunguzi usikawie. Kikiwa kizuri lakini unene ungalipo, kirudiwe baada ya miaka 2 au 3.

Wengine watauliza, "Kwa nini tutoe pesa, na mtoto hatapewa kidonge?" Ni kweli, dawa ya kwanza si kidonge, ni chakula. Na dawa hii ina nguvu. Mwaka 2019 waganga wa Marekani walitoa habari za wavulana 40 wenye ugonjwa huu. Wengine walikula chakula chenye sukari kidogo sana kwa majuma 8, pamoja na jamaa zao nyumbani. Mafuta ya ini yao yalishuka toka 25 kwa 100 mpaka 17. Wale waliofuata desturi yao walitoka 21 mpaka 20 tu.

Kwa hiyo mimi naona tusikatae kipimo hiki. Mahali penye pesa kidogo, tuanze na mizani na kupima urefu. Wale waliopita kiasi ndio wapelekwe labo.

Lakini kupima bila kugeuza chakula ni kazi bure. Ondoeni sukre mezani, mweke maji. Pikeni sombe na maharagi, mafuta yawe kidogo. Mtoto atembee na kucheza kila siku. Wala msimcheke, wala msimnyime sukre yeye peke yake huku ndugu zake wanakunywa. Nyumba nzima ifuate njia moja.