Chumvi ya nyama choma, chumvi ya mlenda

Mteja ametengewa ugali wa uwele na bakuli la mlenda katika mgahawa wa Dodoma mjini. Kabla ya tonge la kwanza, mkono umeshafika kwenye kichupa cha chumvi. Mama lishe hasemi kitu, ila uso wake umebadilika.

Mambo haya yameongezeka tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kutekeleza uamuzi wa TANU wa 1973. Mezani sasa wanakaa watu wa kila mkoa. Mtu wa pwani anaulizia ndimu na pilipili hata chakula hakijafika. Kwao, kuvikosa ndiyo aibu ya mwenye nyumba.

Kwenye nyama choma hakuna ubishi. Nyama hukatwakatwa kwenye kibao, pembeni kukawekwa lundo dogo la chumvi na pilipili, kila mtu akachovya atakavyo. Hapo chumvi ni ya mlaji.

Mlenda ni habari nyingine. Majani makavu yaliyotwangwa huchemshwa na magadi mpaka yavutike, kisha karanga za kuponda zikafuata. Magadi nayo yana sodiamu na ladha yake, na mpishi huyahesabu anapopima chumvi. Anayenyunyizia kabla ya kuonja anavuruga hesabu asiyoijua, kisha analalamika kwamba mlenda wa Wagogo ni mkali.

Kichupa kikae kwa mhudumu, anayekihitaji akiombe. Jimbo la Buenos Aires, Argentina, liliamua hivyo mwaka 2011, likihofia shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kupikwa ndani ya chakula. Si lazima jambo hili lifike bungeni, ingawa waheshimiwa wako jirani.

Vibanda vya chipsi viachwe na chupa zao zilizotobolewa vifuniko kwa msumari. Viazi hukaangwa bila chumvi, mteja ndiye anayemalizia. Na mama lishe akiombwa chumvi na mtu aliyekwisha kuonja, ampe bila kununa. Kuna siku mkono wake pia hupungukiwa.