Mstari Uliotangulia Vitone

Kuna desturi iliyokita mizizi katika maabara za shule za upili, na hata za vyuo vikuu, ya mwanafunzi kuujua mstari kabla ya kuviona vitone. Kitabu kimekwisha kumwambia kwamba grafu itakuwa mstari mnyoofu unaopitia makutano ya mihimili, naye huingia maabarani kuutafutia ushahidi. Kitone kikikaa kando, kifutio hufanya kazi yake. Huenda msomaji akauliza mwanafasihi ana hoja gani na grafu. Ninayo, kwa kuwa hili ni tatizo la usomaji kabla ya kuwa tatizo la fizikia.

Tuchukue jaribio la pendulamu. Tufe dogo la chuma huning'inizwa kwa uzi, urefu ukawa unabadilishwa, na muda wa kubembea mara 20 ukapimwa kwa saa. Muda wa mbembeo mmoja ukizidishwa kwa wenyewe na kuchorwa dhidi ya urefu kwa mita, hupatikana mstari wenye mteremko wa takriban 4. Kutokana na mteremko huo tunakokotoa mchapuko wa uvutano wa dunia, ambao ni takriban 9.8. Sasa chukulia kwamba mwanafunzi amepima uzi peke yake, ilhali urefu halisi huishia katikati ya tufe. Ikiwa nusu kipenyo cha tufe ni sentimita 1, mstari hautapitia makutano; utaukata mhimili wima kwenye takriban 0.04. Ajabu ni kwamba mteremko utabaki sahihi! Vitone vyenyewe havijadanganya: vimempa uvutano wa dunia na, juu ya hayo, vikamfichulia ukubwa wa tufe asilolipima. Akiulazimisha mstari upitie makutano, mteremko huzidi, mchapuko hupungua, na habari ya tufe huzikwa kaburi la sahau.

Tarakilishi haijatuokoa. Programu ya Excel huruhusu kuchorwa kwa mkunjo wa hadi daraja la 6. Mwenye vitone 7 akichagua daraja hilo, mkunjo utapitia kila kitone na kile kiwango kiitwacho R mraba kitakuwa 1, hata kama tarakimu zenyewe alizibuni bwenini usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Mnamo mwaka wa 1973, mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga majedwali manne, kila moja likiwa na vitone 11. Yote manne hutoa mstari mmoja, wenye mteremko wa 0.5, na R mraba ya takriban 0.67. Yakichorwa, moja huonyesha vitone vilivyotawanyika kuuzunguka mstari, la pili ni upinde, la tatu lina kitone kimoja kilichoasi, na katika la nne mteremko mzima umebebwa na kitone kimoja tu.

Sisemi kila kitone kitukuzwe. Aliyehesabu mibembeo 19 akidhani ni 20 ana haki ya kukiacha kitone hicho, mradi arudie kipimo na aandike sababu. Ninalopinga ni utaratibu wa kumtuza mwanafunzi kwa kukaribia jibu linalotarajiwa. Utaratibu huo humfunza kijana wa miaka 17 kwamba macho yake hayaaminiki ila yanapokubaliana na kitabu. Afadhali alama zitolewe kwa kitone kilichohifadhiwa kikaelezwa, na swali la mwisho la kila jaribio liwe: ni kitone gani kimekataa, na kwa nini?

Nasi wa fasihi tusijitoe. Ni tasnifu ngapi ambazo nadharia imeteuliwa katika sura ya kwanza, na kufikia sura ya nne kila mhusika amekwisha kupangwa juu ya mstari wake, wa Umarx au wa ufeministi? Yule mhusika asiyepangika, ambaye pengine ndiye aliyemfanya mwandishi ashike kalamu, hatajwi hata katika tanbihi.