Kinyonga Ndani ya Kibati



Siku moja mpwa wangu alishuka kutoka upande wa Bunduki, mkononi ana kibati cha biskuti. "Mjomba, fungua uone," akasema. Nikafungua. Kumbe ni kinyonga dume, rangi ya majani mabichi, na puani pembe tatu. Kijana amesikia ya kuwa Ulaya na Marekani watu hufuga vinyonga majumbani, naye akataka kumfuga hapa kwangu Morogoro mjini, na baadaye amwuze.

Akamwekea bakuli la maji. Tena, kwa kuwa aliambiwa wanyama hawa hupenda joto, akaning'iniza balbu juu ya kibati, ikawaka usiku na mchana. Siku ya tatu macho ya kinyonga yakazama. Siku ya nne akafa, na bakuli limejaa maji vilevile. Kosa lilikuwa langu pia, kwa maana sikumwambia amrudishe siku ile ile.

Basi, yafaa tujue wafugaji wa ng'ambo hufanyaje, maana wao hununua dukani kila kitu ambacho mlima wetu humpa kinyonga bure.

Jambo la kwanza ni kuuliza mnyama ametoka wapi. Huyu wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita kinyonga wa Werner, ni wa misitu ya baridi ya juu. Jike lake halitagi mayai, bali huzaa watoto. Sasa tupige hesabu. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Bondwa kinapita mita 2,100. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi. Kwa hiyo kule juu ni baridi kuliko mjini kwa digrii 10 hivi. Taa imfaayo kinyonga wa nyikani yaweza kumwua huyu wa mlimani.

Pili, mwanga. Mfugaji huhitaji taa za aina mbili. Moja ni balbu ya kawaida ya kumpa joto asubuhi, kama jua linapochomoza. Ya pili ni taa ndefu yenye mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo kwenye maboksi huandikwa UVB. Bila mionzi hiyo mwili hautumii chokaa ya chakula vizuri, na mifupa hulainika kama ya mtoto mwenye matege. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwa maana kioo huizuia. Tena taa hiyo huchoka: yaendelea kuwaka, lakini mionzi imepungua, hivyo hubadilishwa kwa wakati ulioandikwa na mtengenezaji. Taa huwashwa kiasi cha saa 12, kisha huzimwa.

Tatu, joto. Kwa kinyonga wa mlimani, mahali pa kuota joto pakifika digrii 27 au 28 panatosha, na sehemu nyingine za kizimba ziwe baridi kuliko hapo, ili achague mwenyewe. Usiku hushuka mpaka 15 hivi, naye hulala vizuri. Balbu hukaa nje ya wavu, mbali kidogo, asije akaungua mgongo.  Heri kununua kipimajoto kwanza.

Nne, unyevu. Kinyonga kwa kawaida hanywi bakulini. Hulamba matone ya umande na mvua juu ya majani. Kwa hiyo mfugaji hununua bomba la kunyunyizia maji, au chombo cha kudondosha tone kwa tone, na kuweka mimea hai. Hunyunyiza asubuhi na jioni, kisha huacha majani yakauke. Kizimba cha wavu hupitisha hewa. Kilichofungwa chenye maji siku zote huleta ukungu na maradhi ya mapafu.

Hata wenye maduka hukosea. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson, nao wana pembe tatu, walipelekwa kutoka Kenya mpaka Hawaii. Walifika wamedhoofika kwa safari. Mwenye duka akawaachia bustanini wapate nafuu. Wakapona, wakazaana, na leo wako porini huko, wanakula wadudu na konokono wa visiwa vile. Bustani yenye mvua ilishinda vizimba vyote, lakini nchi ile ikapata tabu mpya.

Na biashara je? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kukamata mnyama wa porini bila kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupeleka nje wanyama hai. Mtu akija kijijini kuwapa watoto senti ili wamkusanyie vinyonga, mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mpwa wangu amerudi Bunduki. Juzi ameniletea habari ya kuwa amemwona mwingine juu ya kijiti kando ya shamba, asubuhi, analamba umande. Alikaa akamtazama mpaka jua likapanda. Kisha akaenda kulima.