Sadaka Haifuti Deni la Mshahara

Ndugu waamini, wakati wa Kwaresima twapeleka altareni bahasha nene, na majina yetu husomwa kwa vigelegele. Kumbe mtumishi wetu wa nyumbani hajalipwa miezi mitatu, na kibarua wa shamba huambiwa kila Jumamosi arudi wiki ijayo. Kutoa namna hiyo ni kugawa mali ya mwingine. Papa Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kuwa kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa linalolilia mbinguni. Kristo naye aliagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana na ndugu. Viongozi wa jumuiya, kabla ya kuhimiza michango, ulizeni: je, wafanyakazi wetu wamelipwa? Dawa ya deni ni kulipa. Tukishalipa, ndipo tutoe.