Mkanda wa risasi haununuliwi kwa macho

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinionyesha mkanda wake mpya wa kubebea risasi za shotigani. Ngozi nyeusi, maua ya waridi yamechongwa kutoka bizimu hadi ncha, vitanzi 30 vimejipanga kama meno. Ulimgharimu dola 200 na ushee. "Mama, unauonaje?" Nikamwambia achomoe risasi mbili bila kutazama. Akavuta, mkanda mzima ukapanda naye hadi mbavuni. Risasi hazikutoka.

Sikumcheka. Miaka 6 iliyopita yalinikuta hayo hayo mbele ya watu 20.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na sasa naishi El Paso, Texas. Mara moja kila mwezi navaa sketi ndefu, buti na kofia pana, naenda jangwani kushindana kulenga shabaha kwa silaha za enzi za wachunga ng'ombe wa Marekani. Ndugu zangu Tanga wakisikia hucheka, kisha hunyamaza, kisha huuliza kama mume wangu anajua. Anajua, yeye ndiye aliyenipeleka. Wapo pia wanaonisuta kwamba nimejitia kwenye mambo ya Wazungu. Hao huwaambia wamsome Bass Reeves, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1838, akaja kuwa mlinzi wa sheria aliyeogopwa na majambazi kwa zaidi ya miaka 30.

Mchezo huu ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na chama chake kikubwa, Single Action Shooting Society, kiliundwa mwaka 1987. Mchezaji hutumia bastola mbili, raifo ya kukokwa kwa wenzo, na shotigani. Huvaa mavazi ya enzi hizo na hujipa jina la kuchezea. Langu ni Mama Tanga. Kinacholengwa ni vibao vya chuma. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na bunduki hutembezwa ikiwa wazi na tupu.

Watu wengi wanaoingia mchezoni humaliza fedha na akili zao kwenye bunduki, kisha mkanda wanauokota kwa kuutazama tu, kama mtu anavyochagua pazia. Mimi nasema mkanda ndio ungepaswa kufikiriwa zaidi, kwa sababu ndiyo zana pekee ambayo mkono huifanyia kazi jicho likiwa mahali pengine.

Bastola na raifo hujazwa mezani kabla ya saa kuanza kuhesabu. Kwa kawaida ni risasi 10 za bastola na 10 za raifo. Shotigani hungoja ikiwa tupu, na risasi zake, 4 au zaidi, huingizwa saa ikienda. Mabingwa humaliza zamu nzima chini ya sekunde 20. Kibao ukikikosa unaongezewa sekunde 5. Risasi ikikuponyoka wakati wa kujaza, kanuni huihesabu kuwa maiti, huruhusiwi kuiokota mpaka umalize. Kwa hiyo anayepapasa kiunoni anatupa kule sekunde zote alizookoa kwa bastola.

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa mwekundu wa damu ya mzee, umenakshiwa pembeni, una vitanzi 25. Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda. Kidonda chenyewe nilikipata zamu ya kwanza. Vitanzi vilibana mno. Nilivuta risasi moja, ikatoka kwa kishindo, ikanipita vidoleni. Maiti. Nikavuta ya pili, ikaja na mwenzake nisiyemtaka. Maiti wa pili. Nilipomaliza, mzee mmoja anayetunza saa alinisogelea, akanong'ona: "Mama Tanga, umetumia sekunde 91." Tena akaisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyouma.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu mimi ni mtoto wa fundi viatu. Baba alikuwa na kibanda chake Barabara ya 12, na ngozi nimeijua kabla sijajua kusoma. Mteja akijaribu kiatu na kusema kimemkaa, baba hakumwamini. Alimwambia: "Nenda hadi mlangoni urudi." Wengi walirudi wakichechemea. Nami nikanunua ngozi bila kwenda mlangoni.

Basi nieleze mlango wa mkanda ulivyo.

Kwanza ni bunduki yako. Ukitumia shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, risasi huchomolewa mbilimbili na kuingia mbilimbili. Vitanzi vyake vishonwe kwa jozi: viwili vimegusana, nafasi ya upana wa kidole, kisha viwili tena. Nafasi ile ndiyo vidole vinaposomea. Vitanzi vikifuatana bila kituo, mkono ukiwa na haraka huchota tatu, au moja na nusu. Mwenye Winchester ya 1897, inayokokwa kwa kuvuta kishikio nyuma na mbele, huingiza moja moja, lakini naye huchomoa mbili au nne kiganjani kwa mkupuo. Kwa hiyo hata yeye jozi zinamfaa.

Pili ni idadi. Risasi moja ya geji 12 ina uzito wa kama gramu 40. Ukijaza vitanzi 25 umejifunga kilo nzima kiunoni, juu ya bastola mbili na mkanda wake. Kwa nini? Zamu moja inataka 4, 6, mara chache 8, na baada ya kila zamu unajaza tena kwa utulivu. Mimi sasa nina vitanzi 16, na vya akiba vinanitosha hata siku ninayokosa kama kipofu. Vitanzi 30 ni mapambo ya picha.

Tatu ni mwili. Pima kiuno juu ya nguo utakazovaa, mahali hasa mkanda utakapokaa. Usimtajie fundi namba ya suruali. Sisi wanawake tuliojaaliwa nyonga, mkanda ulionyooka hutuasi: ukingo wa chini hukaa, wa juu huacha mwanya, na risasi huinama upande zisikotakiwa. Omba uliokatwa kwa mkunjo kama mwezi mchanga. Bibi mmoja wa huku kwetu, umri wa miaka 74, alivaa ulionyooka kwa misimu miwili akidhani mikono yake ndiyo imezeeka. Alipoubadilisha, mikono ikarudi ujanani.

Nne ni ngozi yenyewe. Chagua iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Hiyo hukubali kuloweshwa kidogo na kushika umbo la risasi. Wasomaji wa Njombe mnaijua habari hii kwa mashamba yenu ya miwati, ambayo magome yake hutoa dawa ya kazi hiyo. Kitanzi kipya kinapaswa kubana kiasi cha kukataa kuachia ukiruka, na kukubali ukivuta. Kikibana zaidi, kiachie risasi ya bandia ndani yake kwa siku kadhaa. Usikipake mafuta ovyo, maana ngozi iliyolewa mafuta hulegea, na iliyolegea hairudi.

Na usihifadhi risasi kwenye ngozi. Shaba ya kitako chake ikikaa humo hushika kutu ya kijani, hunata, na siku ya mashindano hugoma kutoka. Aliyepima mitaa ya mji huu ninaoishi na kuupa jina la El Paso, Anson Mills, alikuja kuwa ofisa wa jeshi, akabuni mkanda wa vitanzi katika miaka ya 1860, na kutu hiyo ya kijani ikamsumbua mpaka akaiacha ngozi. Akageukia kitambaa kizito, vitanzi vikafumwa pamoja na mkanda wenyewe, na biashara hiyo ikamtajirisha. Kwa hiyo mwenye mkanda wa kitambaa asidharauliwe mbele yangu. Askari wa zama zile zile tunazoziigiza walivaa kitambaa.

Najua nitakachojibiwa. Huu ni mchezo, nusu yake ni mavazi, na mtu ana haki ya kupendeza. Nakubali. Nami napenda kupendeza, na kofia yangu ina unyoya. Lakini kofia haiombwi kunipa kitu nikiwa mbioni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fundi akimaliza kazi ya vitanzi, na achonge maua atakavyo. Anayeanza na maua anakuuzia picha.

Kijana wa Jumamosi aliniuliza aurudishe au auvumilie. Nilimwambia aende kwa muuzaji yule na risasi nne za bandia, si maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa kuwa hayo hutanuka na kudanganya. Aufunge mkanda juu ya koti lake la mashindano. Atazame ukutani, wala si kiunoni. Achomoe mbili, azirudishe, achomoe nyingine mbili, mara 10. Mkono ukikosea mara tatu, amwachie mwenyewe maua yake.

Mimi jioni ile nilikuwa nimekwisha kuuweka wangu mezani jikoni, mtupu, ngozi ya kahawia isiyo na hata mstari mmoja wa nakshi. Baba angeugeuzageuza, angeuvuta mshono kwa ukucha, kisha angeniambia nenda hadi mlangoni urudi. Ningekwenda bila wasiwasi.