Angojaye Figo Asiitwe Mvivu

Mfanyakazi ambaye figo zake zimeshindwa kazi hufika hospitali mara tatu kwa juma, akalala yapata saa nne damu yake ikisafishwa kwa mashine, kisha akarudi kazini. Wako waajiri wamwitao mvivu. Mvivu gani huyo, ndugu? Tangu Novemba 2017 figo hupandikizwa Muhimbili, lakini figo yenyewe hutoka kwa jamaa aliye hai. Na jamaa hao twawajua: kwenye matanga hujaa ua mzima, kwenye kupimwa damu hawaonekani! Mwajiri naye na ampangie zamu isiyogongana na siku za mashine, wala asimkate mshahara. Imekipasa chama cha wafanyakazi kudai jambo hili liandikwe katika mkataba, lisiachiwe huruma ya msimamizi.